Daktari amemruhusu dada yangu, hospitali haimwachilii: naomba ushauri

KakaWaLikoni: Wanabaraza, sijui pa kushika. Dada yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Mombasa, na daktari akamruhusu kurudi nyumbani siku 11 zilizopita. Hadi leo yumo humo humo, kwa sababu bili ilifika shilingi 184,000 nasi tumelipa 60,000 tu. Ameondolewa kitandani, analala yeye na mtoto kwenye godoro lililosogezwa ukutani, na kila usiku anaolala hapo unaongezwa kwenye deni. Langoni yuko mlinzi mwenye daftari, na asiye na karatasi ya waridi kutoka idara ya fedha hapiti. Je, niuze kiwanja tulichoachiwa na marehemu baba, au sheria ina njia nyingine?

BiMwanaheri: Pole sana, mwanangu. Nami nilizuiliwa siku nne baada ya kumzaa mwanangu wa pili, na mume wangu akauza baiskeli yake ili nitoke. Hata leo nikisikia harufu ya dawa ya kupigia deki, moyo hunienda mbio. Ardhi ya mirathi haiuzwi na mtu mmoja. Waite ami zako na shangazi zako mkae kitako, mchange.

KaraniMstaafu: Ndugu yetu ameuliza kuhusu sheria, naomba tusimpite. Mwaka 2010 wanawake wawili walizuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kukosa pesa za kulipia kujifungua. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwazuilia kulivunja Katiba, kisha akaamuru mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 1.5 na mwenzake shilingi 500,000. Hospitali yenu isijitetee kwamba si ya serikali, kwa maana Kifungu cha 20 kinasema haki za Sura ya Nne zinamfunga kila mtu, si dola peke yake, na Kifungu cha 29 kinakataza mtu kunyimwa uhuru wake bila sababu ya haki. Deni ni deni, na mwenye kudai aende mahakamani kama wadai wengine. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai ya hadi shilingi milioni 1. Nikuulize jambo moja: kuna karatasi yoyote mliyotia saini?

KakaWaLikoni: Karatasi zilikuwa nyingi, kama ilivyo kila hospitali. Sioni linahusu nini.

ZuhuraWaKibokoni: Linahusu sana, kaka. Tafadhali mjibu mzee.

KakaWaLikoni: Basi nitasema. Usiku alipoingia nilitia saini kama mdhamini, na mstari mmoja unasema mgonjwa "atabaki wodini kwa hiari" mpaka deni liishe. Ilikuwa saa nane za usiku, mtoto amekwama, muuguzi amesimama akiningoja nimrudishie kalamu. Na lililobaki ni hili: kiwanja nimeshapokea arbuni ya shilingi 50,000, na mlinzi mmoja amekubali kutufungulia mlango wa nyuma Ijumaa usiku. Msinilaumu. Mshono umeanza kutoa maji, nami siwezi kukaa nikingoja majaji.

MsemaKweli: Mimi kisa hiki sikiamini. Ulianza kwa kuuliza kama uuze, kumbe umeshauza nusu. Ulisema hujui la kufanya, kumbe Ijumaa imepangwa. Kinachofuata ni nambari ya simu ya kutumia michango, maana watu wengi wameliwa hivyo hivyo. Weka picha ya karatasi hiyo ya waridi.

BiMwanaheri: Karatasi ya waridi atakuwa nayo vipi, naye anasema amenyimwa? Niliyoyaona kwa macho yangu hakuna atakayeniambia hayatokei.

KakaWaLikoni: Sijaomba hata senti moja wala sitaomba. Nilificha habari ya arbuni kwa sababu mama yetu husoma humu naye alikuwa hajui. Sasa amejua.

KaraniMstaafu: MsemaKweli, tahadhari yako naielewa, lakini ushauri huu utamfaa hata msomaji mwingine aliye kwenye hali hiyo. Saini yako, ndugu, inakufunga wewe kwa deni. Haiwezi kuuza uhuru wa dada yako, ambaye ni mtu mzima, na hiari hiyo inakoma pale anapotamka kwamba anataka kuondoka. Mlango wa nyuma utamponza mlinzi na kumfanya dada yako aonekane mtoro, ilhali yeye ndiye aliyekosewa. Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kufika mwenyewe, na kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Kanuni za mwaka 2013, zilizotolewa na Jaji Mkuu Willy Mutunga, zinakubali hata barua au maelezo ya mdomo. Nilifanya kazi masjala, na nimepokea ombi lililoandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, nikalifungulia faili. Fidia huchelewa, na hao wa Pumwani waliisubiri miaka mitano, lakini agizo la muda la kumwachilia mtu huombwa kwa dharura, na habari ya mshono iandike mwanzo kabisa wa barua.

ZuhuraWaKibokoni: Kabla ya hapo, dada aandike kwa mkono wake kwamba anataka kuondoka, atie tarehe, na pawepo shahidi. Pia adai daktari aukague mshono leo hii, kwa sababu kudaiwa hakumwondolei haki ya matibabu.

KakaWaLikoni: Nimerudi. Ameandika mstari mmoja: "Nataka kwenda nyumbani na mwanangu." Nilimpelekea meneja nakala mbili, alisoma, akagonga muhuri wa kupokea kwenye moja, akanirudishia bila kusema neno. Saa moja baadaye daktari alikuja kubadilisha bendeji. Mlinzi nimempigia kumwambia Ijumaa asifungue. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa masjala ya Mahakama Kuu na barua yangu. Arbuni sijairudisha bado, na mama hajazungumza nami tangu jana.