Naomba ushauri: mtandao gani wa kuwasaka tuliosoma nao Mombasa?

BintiKisauni: Assalam aleikum jamani. Tulimaliza kidato cha nne 2001, shule ya wasichana hapa hapa Mombasa, na sasa nataka kuwakusanya wenzangu. Wengine wako Oman na Dubai, wengine Likoni tu hapo ng'ambo na hatuonani. Dadangu aliye Marekani anasisitiza nijiunge na Classmates, mtandao wa kuwatafuta mliosoma pamoja, ati ndiyo kazi ya mtandao huo tangu 1995. Kujiandikisha ni bure, lakini mengine nayo naambiwa nilipie. Nilipe au nibaki na Facebook? Na picha zetu za shule sitaki zizagae, wengine leo ni wake za watu.

MzeeWaFeri: Waalaikum salaam mwanangu. Usitoe hata shilingi. Ule umejengwa juu ya shule za Marekani na Canada, wenzako wafuate nini huko? Waingereza nao walikuwa na wao, Friends Reunited, ukaanza 2000, ukavuma kwelikweli, halafu Facebook ikafunguliwa kwa kila mtu 2006, tena bure. Friends Reunited ukafungwa 2016. Uliza watu wako wako wapi, basi.

UmiKibokoni: Facebook sawa, ila shoga usitafute kwa jina! Niliyekaa naye dawati moja nimemsaka kwa jina la babake hadi nikachoka, kumbe kajiita Mama Fulani na picha kaweka ua la waridi. Tafuta jina la shule, usome maoni chini ya picha za zamani. Ukimpata mmoja, pitia orodha ya marafiki zake.

Tudor_Boy: WhatsApp, mwisho wa maneno.

MzeeWaFeri: Yakhe, WhatsApp yataka uwe na nambari ya mtu kwanza. Kusaka ni Facebook, kukusanyika ndiyo WhatsApp. Kundi moja linachukua hadi watu 1,024, darasa lenu halijai hapo.

MwalimuMstaafu: Kundi la Facebook lifanye la faragha, lakini lionekane likitafutwa. Ukilificha kabisa, hata wenzako hawatalipata. Kisha weka maswali ya mlangoni ambayo mgeni hayajui. Kwetu kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mwarobaini. Asiyejua hilo hakusoma pale. WhatsApp ni hatari zaidi, kila mwanakundi anaiona nambari yako, na nambari ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa. Kundi letu mmoja alidukuliwa akaunti, tukaombwa mchango wa hospitali kwa jina lake. Wawili walituma. Pigeni simu kwanza, msikie sauti. Na ile nambari ya siri ya tarakimu sita ya kufungulia WhatsApp, inayokuja kwa simu yako, asipewe mtu.

BintiKisauni: Shukran sana mwalimu, swali la kengele nalichukua. Na LinkedIn je?

UmiKibokoni: Huko utawapata wa maofisini. Anayeuza mahamri Kongowea mtumie mtu sokoni.