Kabati la bibi limekataa rangi nyeupe, naombeni ushauri

Bint_Isevya
Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora mjini. Nina kabati la vyombo aliloniachia bibi mzaa baba. Lilikuwa na rangi ya mafuta ya kijani, imebabuka milangoni na kwenye kingo. Nikapiga msasa juu juu, nikapaka rangi nyeupe ya maji mikono miwili. Lilipendeza. Siku ya tatu yakatoka madoa ya rangi ya chai. Nimeongeza mkono wa tatu, yamerudi. Kwingine nikikwaruza kwa kucha rangi inabanduka vipande vipande. Sitaki kulitupa, bibi alitunza humo sahani za wageni, na droo zake mpaka leo zinanukia nta aliyozipaka zisikwame.

Fundi_Randa
Pole dada. Hapo kuna matatizo mawili. Inapobanduka, rangi ya maji imekalia rangi ya mafuta inayong'aa, haina pa kushika. Penye madoa, msasa ulifika kwenye mbao. Hebu chomoa droo, tazama upande wa chini ambako hapakupakwa kitu. Kama ni kahawia yenye wekundu, nadhani ni mninga. Si unajua mti ule ukitiwa shoka unavyotoa utomvu kama damu? Rangi ya mbao yenyewe inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo kila ukipaka rangi ya maji unaivuta juu. Ungepaka hata mikono kumi, madoa yangerudi tu. Kinachozuia ni praima ya sheleki, yaani rangi ya kwanza ya kuziba mbao, ile inayochanganywa na spiriti.

Mzee_wa_Cheyo
Mjukuu wangu, mninga haufichwi! Watu wanautafuta kwa bei kubwa, wewe unaufunika kwa nyeupe? Bandua rangi yote. Funga msasa kwenye kibao, anza namba 80 ulio mkali, kisha 120, malizia 180 ulio laini, ukifuata nyuzi za mbao. Ukikatisha nyuzi, mikwaruzo utaiona siku ya kupaka mafuta. Paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kidogo kidogo, futa yanayobaki. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke. Ukivikunja na kuvirundika hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

Mama_Urambo
Mdogo wangu, subiri kwanza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Usipige msasa mkavu ndani ya nyumba. Tumia dawa ya kubandulia rangi, ufanyie uani, vaa barakoa. Hata vumbi la mninga lenyewe huwasha pua, mwenye pumu asisogee.

Bint_Isevya
Shikamoo mzee. Nimechomoa droo. Nimelowesha kidole nikasugua chini, kimetoka na wekundu. Lakini mbavu za kabati ni mbao nyingine, nyeupe nyeupe, zina vitundu vidogo.

Fundi_Randa
Hao ni bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Gonga kwa nyundo: ukidondoka unga mpya, bado wamo. Ingiza dawa ya wadudu kwenye vitundu kwa bomba la sindano, ikishakauka ziba kwa puti. Mbavu hizo ndizo za kupaka nyeupe.

Mzee_wa_Cheyo
Hapo nakubali. Milango na droo uache mninga uonekane. Na reli za droo usizipake rangi, rudishia nta kama bibi yako.

Bint_Isevya
Asanteni sana. Kesho naanza na mlango wa kushoto, uani. Nikishabandua nitaweka picha.