Paka analeta panya wazima mpaka kwa kitanda ya batoto, mlifanyaje?

Papa Mapasa (Goma, Ndosho)
Jambo wandugu. Nyumba yetu ni ya mbao juu ya mawe ya volkano, kama nyumba nyingi za huku, na panya wanapita kati ya mawe na mbao kila usiku. Mwaka jana tulichukua paka jike, tunamwita Chausiku, na kazi anaijua kweli, wiki moja anakamata hata wanne. Shida ni moja, hawaulii pale anapowakamata. Anawaleta wazima mpaka chumba tunalala, anawaachilia, halafu anaanza kuwakimbiza upya. Juzi saa tisa ya usiku umeme umekatika nasikia kitu kinapita juu ya shuka karibu na miguu ya mtoto, nawasha tochi ya simu, ni panya mdogo mgongo wote umelowa mate, mkia umebaki nusu, anatetemeka pembeni ya matela, na paka amekaa pale anamwangalia tu. Batoto walilia mpaka kukucha.

Na mke wangu ana mimba ya miezi mine. Mama mkwe anasema paka ataharibu mimba, tumpeleke mbali. Jirani naye anasema niweke sumu ile ya punje za pinki, panya waishe. Huyu paka nampenda, batoto pia wamemzoea, lakini mimba si kitu ya kuchezea. Nisaidieni.

Yaya wa Kadutu (Bukavu)
Pole Papa Mapasa. Kwanza usimpige. Paka hajui kama amefanya vibaya, kwake pale mnalala ndiyo pahali pa usalama ndiyo maana anapeleka nyama yake pale. Na usimnyime chakula ukifikiri njaa itamfanya akamate zaidi, wa kwangu anakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kila siku ya Mungu na bado anakamata, kuwinda na njaa ni vitu viwili.

Mimi niliacha kabisa kulala na yeye. Saa mbili anakula, tunacheza naye kidogo na kamba, kisha anabaki jikoni na salo, mlango wa chumba unafungwa, na chini ya mlango niliweka kitambaa kizito. Siku tatu za kwanza alilia mbele ya mlango, nilivumilia. Akileta panya mzima, chukua bakuli umfunike, ingiza kipande cha karto chini yake, mtoe nje. Usimkamate na mikono hata kidogo, panya anauma. Kama amekufa, vaa sashe (mfuko wa plastiki) mkononi, mwagia javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, yenye maji pale alipolala, ngoja kidogo ndipo upanguse. Usifagie mavi ya panya yakiwa makavu, vumbi lile linaingia kwa pua.

Mganga wa mifugo (Goma)
Ndugu, mama mkwe hajakosea yote. Kuko kidudu kinaitwa toksoplasma, kinaweza kudhuru mtoto aliye tumboni, paka anakipata akila panya mwenye nacho, kisha anatoa mayai yake kwa kinyesi kwa wiki moja mpaka tatu hivi, na mara nyingi inatokea mara moja tu kwa maisha yake. Kinyesi kikiwa cha leo hakijaweza kuambukiza bado, mayai yanahitaji siku moja mpaka tano kukomaa. Kwa hiyo ule mchanga paka anajisaidia utoe wewe, kila siku, mama asiuguse. Yeye anawe mikono akitoka shambani, lengalenga aoshe na maji mengi, nyama iive mpaka ndani, maana watu wengi wanaipata kwa nyama mbichi na udongo kuliko kwa kushika paka. Akienda konsultasyo aombe kipimo cha damu cha toksoplasma, hapo mtajua kama alishaipata zamani.

Paka anayekula panya anapata mnyoo wa tegu pia, ukiona punje kama mchele karibu na mkia ndiyo hiyo, mpe prazikwanteli kila miezi mitatu. Chanjo ya kichaa cha mbwa usisahau.

Sasa sumu. Hapana, hapana. Punje hizo za rangi mara nyingi ni zile zinazuia damu kuganda, panya hafi siku ile, anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na mlegevu ndiyo paka anakamata wa kwanza. Paka naye anaanza kuvuja damu ndani baada ya siku kadhaa. Ukiona ufizi umekuwa mweupe, amelegea, damu kwa pua, kimbia kwa veterineri siku ile ile, dawa yake ni vitamini K1, lakini inatolewa kwa wiki nyingi na ukichelewa haisaidii.

Wa Katuba (Lubumbashi)
Nakubali iyo ya sumu na roho yote. Siye hatukuweka, ni parsela (kiwanja) ya pembeni njo waliwekaka, hawakutuambia. Paka yetu alikuwa na miaka sita. Nilimukuta chini ya meza, nafungua mdomo yake, ufizi mweupe sawa karatasi. Tulimufunika na kikwembe nikamupeleka, alikufa njiani mbele tufike. Batoto banamuulizaka mpaka leo. Papa Mapasa, zungumuza na jirani mbele anunue, sumu yake itafika kwako hata kama wewe hauweke.

Papa Mapasa (Goma, Ndosho)
Asanteni sana, nimesoma yote nikamsomea na mke wangu. Jirani nilimuonyesha maneno ya yule wa Katuba, alinyamaza, akasema basi, atanunua mtego.

Jumamosi nilitoa gunia la makala jikoni, nyuma yake tundu tatu, moja kidole changu kidogo hakiingii lakini pembeni mavi ya panya yamejaa. Panya mdogo anapita pahali pa milimita 6 tu. Nilijaza chuma laini cha kusugulia sufuria, juu yake simenti. Mchele na maharagwe viko ndani ya ndoo za kifuniko. Mlango wa chumba tunafunga, siku ya pili leo. Usiku Chausiku alikaa mbele ya simenti ile mbichi, masikio mbele, saa nzima. Kipimo cha damu ni alhamisi.