Kupe akishang'ang'ania ngozi: tupeane uzoefu wa kumtoa na kumkwepa

Mpanda Milima
Wakuu, salaam. Nyasi zimerefuka na wengine tumeshaanza kutembea porini. Naomba tupeane uzoefu wa kupe: ulimtoaje, na unafanya nini asikupate?

Naanza mimi. Jioni moja baada ya matembezi nilijipapasa nyuma ya goti nikakuta kitu kama kipele. Kumulika tochi, kina miguu. Kwenye begi la huduma ya kwanza huwa sikosi kibano chenye ncha nyembamba. Nikambana pale pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, si tumboni, nikavuta kwa kunyoosha, taratibu, bila kuzungusha. Ngozi ikanyanyuka, nikaendelea kushikilia hivyo hivyo mpaka akaachia. Nikaosha kwa sabuni, nikapaka spiriti, na kupe nikamtumbukiza kwenye kichupa cha spiriti. Kisha nikaandika tarehe kwenye simu. Homa ikija wiki inayofuata, hilo ndilo swali la kwanza la daktari.

Ng'ombe Kwanza
Mkuu, umejisumbua bure. Sisi tuliokulia zizini ni tone la mafuta ya taa tu, kupe anadondoka mwenyewe. Wengine wanamgusisha njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa.

Muuguzi wa Zamu
Kaka, nakuheshimu, ila hapo napinga. Kupe anajigandisha kwa ute unaokauka kwenye ngozi, na anaweza kukaa muda mrefu bila kuvuta hewa. Ukimziba au kumchoma, anaweza kutema mate na vilivyomo tumboni ndani ya kidonda, na viini vya magonjwa vinakaa huko huko. Nimewahi kupokea mtu ana malengelenge ya moto pajani na kupe bado kaganda! Mafuta ya mgando na rangi ya kucha nazo ni yale yale: unasubiri aachie wakati ungeshamtoa.

Na hii ya kumpasua kwa kucha, tuache kabisa. Homa ya Crimea-Congo, inayosababisha kutokwa damu, huweza kumpata mtu kwa damu ya kupe aliyepasuliwa kwa mkono mtupu. Wachungaji na wachinjaji ndio walio hatarini zaidi.

Ng'ombe Kwanza
Ya kucha nimekusikia dada, kule kwetu watu wanapasua kama mchezo. Je, mdomo ukikatikia ndani?

Muuguzi wa Zamu
Kama unashikika kwa kibano, toa. Kama haushikiki, usichokonoe kwa sindano. Osha, acha, ngozi itausukuma nje yenyewe. Ukichimba unaongeza kidonda.

Daftari la Njia
Mimi nina la homa. Siku kadhaa baada ya safari ya porini kusini mwa Afrika nilishikwa na homa, kichwa kikauma, tezi za kinena zikavimba. Nikajua malaria. Kipimo kikasema hapana, wakapima tena, hapana. Daktari mmoja ndiye aliyeniambia nivue soksi. Chini ya mstari wa soksi palikuwa na kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, hakiumi hata kidogo. Homa ya kupe, ile ya bakteria wa Rickettsia africae. Nikapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, na nikapata nafuu upesi. Kwa hiyo kama umetoka nyasini, una homa na malaria haionekani, taja kupe mwenyewe. Usingoje kuulizwa.

Mpanda Milima
Na walioko Ulaya na Marekani wauangalie ugonjwa wa Lyme. Dalili yake ni upele unaotanuka taratibu, kuanzia siku ya 3 hadi ya 30 baada ya kuumwa. Kwa kawaida kupe wa huko anahitaji kunyonya zaidi ya saa 24 ndipo akuambukize, ndiyo maana nang'ang'ania ukaguzi wa jioni ile ile. Lakini kuna virusi vya homa ya ubongo huko Ulaya vinavyopita ndani ya dakika chache tu, na kinga yake ni chanjo.

Mama Mbwa
Kwangu kinga ndiyo kila kitu. Kupe haruki wala hadondoki kutoka mtini kama watu wanavyosimulia. Wengi wao hukaa kwenye ncha ya jani, miguu ya mbele kainyoosha, anangoja upite. Basi suruali naichomeka ndani ya soksi, tena ya rangi nyepesi nimwone akipanda. Ngozi iliyo wazi naipaka DEET, dawa ya kufukuza wadudu. Nguo na viatu nanyunyizia permethrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5, haipakwi kwenye ngozi, naacha ikauke kabisa. Wenye paka angalieni sana, permethrini mbichi inaweza kumuua paka.

Nikirudi, nguo zinaingia kwenye mashine ya kukaushia, joto kali, dakika 10 kabla ya kufuliwa. Maji baridi hayamuui. Halafu naoga na kujikagua: kwapa, kitovu, kinena, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Mbwa naye hakanyagi ndani kabla sijampapasa.

Ng'ombe Kwanza
Ongezea wale wachanga wenye miguu sita, wanakuvaa kundi zima mpaka mguu unaonekana una vumbi. Kibano hakifai hapo. Tumia selotepu, bandika na kubandua, kisha ikunje na kuitupa.

Daftari la Njia
Na tukilala kwenye kibanda cha udongo? Huko tunaambiwa kuna papasi.

Muuguzi wa Zamu
Papasi ni kupe laini, tabia yake tofauti. Anatoka kwenye nyufa usiku, anashiba ndani ya nusu saa hivi na kurudi ufani, kwa hiyo asubuhi ukijikagua humkuti. Homa yake inapanda, inaacha siku kadhaa, inarudi. Usilale sakafuni. Kitanda kiwe mbali na ukuta, na chandarua ukichomeke vizuri chini ya godoro.