Mjadala: Ubingwa wa mpira wa Kimarekani sekondari, ni pesa au ni watoto?

Wadau, salaam.

Nauweka mjadala huu mezani kwa sababu kila Agosti ikifika, sisi wazazi wa Afrika Mashariki na Kongo tulioko huku Dallas na Fort Worth tunarudia ubishi uleule. Kuna wanaosema ukitaka mtoto acheze timu inayoshinda, hamia kwenye shule yenye uwanja wa mamilioni. Wengine wanajibu kwamba pesa haikimbii wala haidaki mpira, na kwamba watoto wa mitaa ya shida ndio wenye uchu. (Kwa mlioko nyumbani: nazungumzia ule mpira wa helmeti na pedi za mabega, si soka. Ijumaa usiku huku Texas, mechi ya sekondari huwatoa nje hata wazee wasio na mtoto shuleni.)

Msimamo wangu nautoa mapema: pesa inaamua, tena sana, ila si ile tunayoinyooshea kidole.

Chukueni Allen, kaskazini mwa Dallas, mfano ambao kila mtu huutaja. Mwaka 2012 walifungua Eagle Stadium: viti 18,000, gharama yapata dola milioni 60, kwa timu ya sekondari. Mwaka huohuo wakachukua ubingwa wa jimbo, na 2013 wakachukua tena. Watu wakasema basi, ushahidi huo hapo. Lakini mwanzoni mwa 2014 uwanja ukafungwa kwa sababu ya nyufa kwenye zege. Msimu mzima wa 2014 Allen walicheza mechi zao za nyumbani kwenye uwanja wa kuazima, na Desemba wakatwaa ubingwa wa tatu mfululizo bila kupoteza mechi, Kyler Murray akiwa kotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi. Tena ubingwa wao wa 2008 waliupata kabla uwanja huo haujajengwa. Kilichowabeba zaidi ya zege ni kwamba mji wenye watu karibu laki moja uliamua kubaki na sekondari moja tu ya juu. Texas hupanga shule madaraja kwa idadi ya wanafunzi, na daraja la juu kabisa, 6A, halina kikomo cha idadi. Shule ya wanafunzi elfu mbili na ushee inakutana na ya elfu tano, na zote zinahesabiwa sawa.

Upande wa pili nao una hoja, na siwezi kuipita juujuu. Aliquippa, Pennsylvania, ni mji uliojengwa na kiwanda cha chuma cha Jones & Laughlin; kiwanda kilipoanza kufa miaka ya 1980, mji ukanyauka, na leo wamebaki watu kama 9,000. Sekondari yake moja imetoa Mike Ditka, Ty Law na Darrelle Revis, wote watatu wakiwa kwenye Jumba la Heshima la mpira huo. Ubingwa wa jimbo wameuchukua 2018, 2021 na 2023, wakipambana na shule kubwa kuliko yao kwa mbali. Kule Florida, kandokando ya Ziwa Okeechobee, kuna Belle Glade na Pahokee, miji ya mashamba ya miwa. Miwa ikichomwa moto kabla ya kuvunwa, sungura hutoka mbio na vijana huwakimbiza kwa miguu. Hivyo ndivyo wanavyojifunza kugeuka ghafla bila kupunguza kasi. Anquan Boldin ametoka Pahokee, Fred Taylor na Santonio Holmes wametoka Belle Glade.

Sasa, ndugu zangu, tujiulize kwa nini majina hayo ni yaleyale kila mara. Tunayarudia kwa sababu ni machache. Mtoto mmoja mwenye mbio anaweza kutokea popote, hata pasipo na bomba la maji. Timu inayofika nusu fainali kila mwaka haitokei popote. Hapa Texas, Southlake Carroll wana mataji manane ya jimbo. Highland Park walichukua 2016, 2017 na 2018. Westlake ya Austin 2019, 2020 na 2021. Zote hizo ziko kwenye wilaya za shule za wenye nacho. California ndiyo inatisha zaidi: kuanzia 2016 hadi 2024, ubingwa wa daraja la juu kabisa la jimbo lile umechukuliwa na shule mbili tu, Mater Dei na St. John Bosco, zote za Kikatoliki na zote za kulipia ada, zenye uwezo wa kuvuta wachezaji kutoka kila kona.

Najua mtu ataniambia, "Na North Shore na Duncanville je?" Swali zuri. Shule hizo mbili, moja Houston na nyingine hapa kusini mwa Dallas, zilikutana fainali 2018, 2019, 2021, 2022 na 2023, na wanafunzi wao wengi wanatoka familia za kipato cha chini. Lakini tusichanganye umaskini wa familia na umaskini wa programu. Zote mbili zina maelfu ya wanafunzi, na wilaya zao zimeamua kuwekeza kwa makocha. Hapo ndipo pesa ninayoisema ilipo.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya Ijumaa, na siku hizi nikifika nautazama ukingo wa uwanja kabla ya kutazama mpira. Upande wa wenye nacho kuna safu ya makocha: wa mabeki, wa mstari wa mbele, wa mateke, mwingine yuko juu kabisa na vipokea sauti masikioni akisoma mchezo. Kuna mtaalamu wa majeraha mwenye meza yake na ndoo za barafu. Upande wa pili nimemwona kocha mkuu amepiga goti akimfunga kijana kifundo cha mguu, karatasi ya mipango ya mchezo ameiuma kwa meno, na nyuma yake vijana wamesubiri maelekezo huku timu yao inashambuliwa. Mchezo huo hauwezi kuwa sawa. Na si suala la ushindi peke yake: takribani theluthi moja ya sekondari za Marekani hazina kabisa mtaalamu wa majeraha, katika mchezo ambao mtoto wa miaka 16 hugongwa kichwa kila wiki. Hilo linaniuma kuliko taji lolote.

Kwa nini basi tunajenga viwanja na si kuajiri watu? Sheria za fedha za Texas zina mchango wake. Kodi ya ardhi na majengo inayolipa mishahara ndiyo ambayo wilaya tajiri hulazimika kugawana na jimbo, kwa utaratibu wa tangu 1993 ambao watu wameuita Robin Hood. Kodi ya kulipia hati fungani za majenzi haigawanywi. Pesa hiyo hairuhusiwi kwenda kwenye mishahara, inabaki mjini. Kwa hiyo mji wenye nyumba za gharama ukipiga kura ya hati fungani, unapata uwanja wake wote. Mji wenye nyumba za bei ya chini ukipiga kura ileile, mapato hayafiki mbali.

Mfano unaonishawishi zaidi upo hapahapa Dallas. Mwaka 2015 wanafunzi wa South Oak Cliff walitoka madarasani kuandamana kwa sababu jengo lao lilikuwa linavuja na kuoza. Wilaya ikalazimika kutoa mamilioni ya dola, na jengo lililokarabatiwa likafunguliwa 2020. Mwaka 2021 shule hiyo ikachukua ubingwa wa jimbo, na 2022 ikarudia. Lilikuwa taji la kwanza la mpira huo kwa wilaya ya Dallas tangu miaka ya 1950, ukiacha la shule ya Carter la 1988 lililofutwa. Sisemi paa jipya lilifunga pointi. Vijana wale na makocha wao ndio waliofanya kazi. Ila watoto waliokuwa wakiambiwa kwamba vipaji vinatosha walijua wenyewe kwamba havitoshi, ndiyo maana wakaandamana.

Pendekezo langu ni hili, na hapa ndipo ninapowataka mnipinge. Minnesota na Oregon, wakati wa kupanga madaraja, hupunguza idadi ya wanafunzi inayohesabiwa kulingana na wangapi wanatoka familia za kipato cha chini, ili shule ya watoto maskini isikutanishwe kiholela na ya matajiri yenye ukubwa uleule. Texas wafanye hivyohivyo, na waongeze sharti moja: hakuna shule kucheza bila mtaalamu wa majeraha uwanjani, na kwa wilaya isiyoweza kumlipa, jimbo limlipe.

Wanaopinga husema kupanga kwa kipato ni kuwaambia watoto wa maskini kwamba hawawezi kuwafunga matajiri. Duncanville wangekasirika kushushwa daraja, na pengine wana haki. Basi shule iruhusiwe kubaki juu ikitaka. Wewe mwenye mtoto kwenye timu ndogo ya mtaani, ungechagua nini: kushushwa daraja, au kuongezewa makocha wawili na mtu wa majeraha ubaki ulipo? Na mliohamisha familia kufuata timu, hebu semeni wazi mlichokipata huko.