Ofisi ya vibali yatudai CUP (kibali cha matumizi ya jengo chenye masharti) ili wageni walale kanisani

Mama Neema, Jumanne usiku
Wapendwa, naomba msaada wa haraka. Ukumbi wa kanisa letu unakaa bure usiku, na familia sita kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, zinalala kwenye magari pamoja na watoto. Tukaamua waingie ndani. Leo ofisi ya vibali ya mji wetu, hapa jimbo la Washington, imesema hatulazi mtu mpaka tupate CUP, tuitishe kikao cha majirani, tena tuweke vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto dari nzima. Fomu inatakiwa Ijumaa. Nijaze au nisijaze?

Baba Salama
Usijaze! HB 1220, mswada wa bunge la jimbo wa 2021, ilishayamaliza hayo. Mji hauwezi kukataza shelta (malazi ya dharura) ya ndani kwenye zoni inayoruhusu hoteli. Wapelekee kifungu RCW 35A.21.430 cha sheria za jimbo, tena kilichochapwa. Sisi na nyumba yetu ya akina mama tulizungushwa miezi minne, leo ramani, kesho maegesho. Tulipoweka kifungu mezani, sauti zikashuka.

Rehema
Shikamoo Baba Salama, lakini umesoma nusu. Mji uliopitisha sheria ndogo ya kuruhusu shelta kwenye zoni nyingi zilizo ndani ya maili moja kutoka usafiri wa umma haubanwi na hicho kipengele cha hoteli. Na hata usipopitisha, unaweza kuweka masharti ya idadi ya watu na umbali kwa ajili ya afya na usalama, mradi yasizuie shelta za kutosha mahitaji ya mji yaliyokadiriwa. Halafu vifungu vya 35A ni vya miji inayoitwa "code city", si ya kila mji. Seattle, kwa mfano, ni 35.21.683.

Baba Salama
Marahaba. Nusu gani? Yetu ilikuwa PSH, yaani nyumba za kudumu zenye huduma za msaada, na PSH inaruhusiwa popote penye nyumba za kuishi au hoteli.

Rehema
Basi PSH si shelta! Mama Neema anauliza watu walale leo, wewe unamjibu habari za nyumba ya kudumu. Kanisa lao limezungukwa na nyumba za watu, hoteli iko wapi pale?

Fundi wa Renton
Mnabishania sheria ambayo siyo. Hili ni kanisa. Tafuteni 35A.21.360, ile iliyorekebishwa 2020. Nyumba ya ibada ikilaza watu ndani na ukumbi una milango miwili ya kutokea, mji hauizuii kwa kukosa vinyunyizio tu, labda zimamoto waone hatari ya papo hapo kwa waliomo. Unaweza kudai makubaliano ya maandishi na zimamoto: ving'amua moshi, mitungi ya kuzimia moto, taa za njia ya kutokea, watu wa kukesha macho usiku kucha. Kazi yangu ni kufunga ving'amua. Mama Neema, mwiteni mkaguzi wa zimamoto ninyi wenyewe kabla ofisi haijamtuma. Milango yenu ni mingapi?

Maman Furaha
Mimi nililala kwenye hema uwanjani mwa kanisa la Riverton Park, Tukwila, mwisho wa 2023. Wakongomani, Waangola, Wavenezuela, wote tope moja. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha kama ya Goma, inakaa nawe. Mtoto nilimfunika kitenge cha marehemu mama, asubuhi kimelowa. Na hakuna aliyetuambia mapema kwamba wakati ule I-765, fomu ya kibali cha kazi, ilisubiri siku 150 tangu I-589, fomu ya kuomba hifadhi, ipokelewe. Tulikuja na mikono ya kazi, tukaambiwa tuikunje. Waingizeni hao watoto ndani.

Baba Salama
Pole sana Maman. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, shemeji zangu wametawanyika. Juni ya mwaka huo huo mawaziri wa Kongo na Rwanda wakasaini amani Washington D.C., na watu wakaendelea kukimbia. Wanaosaini hawajawahi kulala kwenye gari.

Maman Furaha
Nyumba yangu iko Himbi, mtaa wa Goma. Sijui nani anapika jikoni mwangu leo. Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo, wakikaangwa naisikia mpaka usingizini.

Rehema
Himbi! Mama yangu mdogo alikaa huko.

Mama Neema, Alhamisi usiku
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Milango ni miwili, mmoja unakwama. Kesho ni Ijumaa. Sasa hiyo CUP nijaze?

Fundi wa Renton
Huo unaokwama nakuja kuurekebisha saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijaenda kazini.

Maman Furaha
Nina magodoro manne na blanketi. Nani ana gari kubwa?