GeneXpert mwanzoni, sasa darubini?

Mama Zuu: Wapendwa, kijana wangu alikohoa wiki tano. Asubuhi tulipeleka kikopo cha makohozi, saa nane mchana mashine ya GeneXpert ikasema TB ipo, dawa ya rifampisini itamfaa. Kamaliza miezi miwili ya dawa, leo nesi kampima kwa darubini tu. Mashine mbovu, au wanatubania?

Fundi wa Maabara: Shikamoo mama. Wala si mbovu. Ile inatafuta DNA ya bakteria, na DNA ya mfu inasomeka kama ya mzima. Mabaki hukaa kwenye makohozi muda mrefu. Ungeambiwa "ipo" ukalia bure. Kufuatilia dawa ni darubini au kuotesha bakteria maabara.

Babu Pongwe: Shukuruni. Mimi 2009 majibu ya usugu yalisubiri kuotesha, wiki baada ya wiki, nameza vidonge visivyofua dafu. Mashine hii inasoma jeni ya rpoB, inayoonyesha usugu kwa rifampisini, kwa saa mbili. WHO waliipitisha Desemba 2010. Mimi nikaishia sindano za TB sugu, ndizo zilizofanya masikio yavume hadi leo.

Mama Zuu: Marahaba mwanangu. Pole babu. Darubini imetoka hasi, na sufuria la ugali kalikomba.